Koromeo libaki kichwani: nilivyojifunza kupimisha kulungu Wisconsin

"Chemsha sana, mdogo wangu, hakuna mdudu anayestahimili moto." Ushauri huo wa nyama ya kulungu nilipewa na mzee wetu mmoja hapa Madison, jimbo la Wisconsin, Marekani, mwaka nilioanza kuwinda, na kila Novemba nausikia tena kwa wengine. Tafadhali msiufuate. CWD, ugonjwa unaowamaliza kulungu wa huku, hauletwi na mdudu, bakteria wala kirusi. Chanzo chake ni prioni, protini iliyojikunja vibaya na kuzilazimisha nyingine zijikunje kama yenyewe, mpaka ubongo wa mnyama unatoboka kama sifongo. Kitu hicho hakina uhai wa kuuawa. Moto wa jikoni hauiwezi, friza haiiwezi, na mnyama akiiacha ardhini kwa mate au mkojo inakaa humo miaka.

Nikisema kulungu, sisemi yule wa kwetu. Huyu ni mkubwa zaidi, na akishtuka ananyanyua mkia, unaona weupe tupu ukipotea kichakani. Waswahili wa huku tumempa jina hilo na limemganda.

Msimu wa bunduki ni siku tisa, unaanza Jumamosi kabla ya sikukuu yao ya Shukrani. Kibali kilinigharimu dola ishirini na kitu, na koti la rangi ya chungwa kali niliazima. Dume langu la kwanza nililipata jioni, theluji nyembamba chini. Nilipiga bismillahi, nikafyatua, nikamkuta bado anapumua, nikamchinja. Alikuwa mnene, manyoya yanang'aa. Jirani niliyekwenda naye akasema mnyama mwenye siha kama ile hapimwi, ni kupoteza muda. Nao huo ni ushauri mbovu. Kulungu anaweza kubeba CWD mwaka mmoja na nusu au zaidi bila kuonyesha chochote. Ukimwona amekonda mbavu nje, masikio yamelegea, udenda unamtoka na wala hakukimbii, ujue yuko ukingoni.

Kwa hiyo nilimpima, na hapo ndipo nilipoharibu. Kipimo ni bure. Unapeleka kichwa kwenye kibanda cha idara ya maliasili, unajaza fomu, unaondoka na namba. Nilikuwa nimeambiwa "kichwa tu kinatosha", basi nikakikata karibu kabisa na taya, nyama yote ya shingo nikaibakiza kwangu kwa sababu naipenda kwenye mchuzi. Baada ya karibu wiki mbili jibu likaja: sampuli haifai. Tezi wanazozitafuta zimejificha nyuma ya koo, juu kidogo ya koromeo, na mimi nilikuwa nimezipasua kwa kisu changu mwenyewe. Dume zima lilikuwa limeshakatwakatwa na kujaa kwenye friza, na sikuwa na njia ya kujua. Mama Zuhura aliniuliza swali moja tu: "Utampa Zuhura?" Nilitupa yote. Iliniuma, kwa sababu mnyama yule nilimtoa roho bure.

Mwaka uliofuata nilikaa na kichwa cha pili mezani, taa juu, nikijiuliza nikate wapi. Ndipo nikamkumbuka babu. Alipotufundisha kuchinja mbuzi alikuwa anatushika kidole na kukibonyeza kooni kwa mnyama: "Umelisikia fundo? Hilo ni koromeo. Libaki kichwani, kisu kipite chini yake." Ukiifuata kanuni ile ile, tezi zinabaki salama upande wa kichwa. Tangu siku hiyo natafuta fundo kwa kidole, nashuka kwenye shingo inchi nne au tano, ndipo nakata. Nimewaonyesha vijana wanne wa msikitini kwetu na hakuna aliyerudishiwa sampuli. Sisi tumejifunza hilo tangu utotoni, ila hakuna aliyetuambia kwamba hata maabara inalihitaji.

Kazi ya nyama naifanya mwenyewe, kwa glavu. Mchinjaji wa kulipwa anataka dola mia na zaidi, na usipomwomba akate mnyama wako peke yake anaweza kuichanganya nyama yake na ya wengine. Navua nyama kwenye mifupa na siupasui uti wa mgongo. Macho, ubongo na bandama siviweki jikoni. Visu nikishavisugua vikatakata navilaza dakika tano kwenye jiki na maji, jiki ikiwa karibu nusu. Kila mnyama ana utepe wake wa rangi kwenye mifuko, na namba ya fomu juu yake. Hakuna kinachopikwa kabla ya jibu.

Utepe mwekundu ulikuwa wa jike, mnene kuliko wote niliowahi kuwapata. Nilipigiwa simu nikiwa kazini: anao ugonjwa. Mpaka leo hakuna binadamu aliyethibitishwa kuugua kwa kula nyama hiyo, lakini wakuu wa afya wa Marekani wanasema usile, nami sikula. Mifuko na mifupa niliipeleka kwenye kontena la mizoga. Ukiitupa porini unawapandikizia wengine ugonjwa.

Ugonjwa huu uligunduliwa Wisconsin mwaka 2002, karibu na Mount Horeb, mwendo mfupi kutoka ninapoishi. Watafiti wamewavisha kola za kuwafuatilia mamia ya kulungu wa pande hizi na kukuta wenye CWD wanakufa kwa wingi kuliko wazima. Ndiyo maana kuwawekea mahindi au chumvi ili waje karibu ni marufuku hapa kaunti ya Dane. Wanakula mdomo kwa mdomo, mate yanachanganyika.

Mfuko wa utepe wa bluu ulisubiri siku kumi na moja. Jibu lilipotoka, ugonjwa haukuonekana, nilimtumia Mama Zuhura picha ya skrini kabla hata sijavua koti. Nilipofika nyumbani paja lilikuwa kwenye beseni likiyeyuka, na Zuhura anatwanga kitunguu saumu.