Siku moja ya fundi cherehani

Saa 11 alfajiri. Nakata vitambaa. Kushona naweza huku naitwa, kukata siwezi. Mkasi ukipotoka kitambaa cha mteja kimeshaharibika. Saa hii tu ndiyo haina "mama" wala "mke wangu".

Saa 2. Wakubwa wako shule, mdogo yuko kwa mama mkwe chumba cha pili. Wateja huniuliza kwa nini sipangi fremu barabarani. Mlezi wa mwanangu ana magoti mabovu, hatoki. Nami sitoki.

Saa 4. Wifi kachukua gauni. "Wifi yangu, mwisho wa mwezi." Nimeandika kwenye daftari la madeni, ingawa ukurasa wake umeshajaa. Kumkatalia ningeweza, ila nilipolazwa ni yeye aliyelala na wanangu wiki nzima, na hilo sikuliandika popote.

Saa 8 mchana. Nadunduliza ninunue mashine ya ovaloki. Sasa hivi kila nguo naipeleka kwa fundi mwingine kumalizia pindo, na sehemu ya faida yangu inabaki kwake. Akiba ilikuwa imekaribia kutosha. Mume wangu, seremala, kaingia na vumbi la mbao: mota ya randa imeungua. "Mama watoto, nishike mkono."

Nimepiga hesabu kwa haki kabisa. Mota ikipona, milango inakamilika na malipo yanaingia wiki hii. Ovaloki ingerudisha pesa yake polepole. Kwa hesabu ya nyumba, yeye anashinda. Tatizo ni kwamba hushinda kila mara.

Kuna utafiti wa mwaka 2019 uliorudia kuchambua takwimu za India, Ghana na Sri Lanka. Kabla yake ilionekana mtaji wa wanawake wenye biashara ndogo hauzai kama wa wanaume. Kumbe mara nyingi pesa ilikuwa imehamia kwenye biashara ya mume! Pale ambapo biashara ya mama ndiyo pekee nyumbani, ilizaa vizuri tu. Nilipousoma nilicheka peke yangu.

Nimempa. Ila safari hii nimemfungulia ukurasa, baada ya ule wa wifi. Kadhani natania. Nimemshikia kalamu mpaka akatia sahihi.

Saa 3 usiku. Sketi tatu zimebaki pindo. Nimezikunja kwenye mfuko, kesho nizipeleke kwa yule fundi.