Vumbi la Mwanza ni jiwe lililosagwa

Lenzi ya kamera yangu, ya milimita 50, ina mkwaruzo. Ukiishika hivihivi huuoni. Iweke chini ya tochi ya simu, iinamishe kidogo, ndipo unatokea: upinde mwembamba kama uzi wa buibui, umeanzia karibu na katikati ukaishia pembeni. Niliuweka mwenyewe, kwa upindo wa khanga.

Ilikuwa Bujora, kule Kisesa, mwezi wa Juni, kwenye Bulabo, sherehe za ngoma za Wasukuma. Waliowahi kufika wanajua hali ilivyo: wachezaji wa Bagika upande huu, wapinzani wao Bagalu upande ule, kila kundi linavuta watazamaji kwake, na uwanja unapigwa miguu kutwa nzima. Mvua mwezi huo zimeshaliaga Usukuma, kwa hiyo vumbi likipanda halina haraka ya kushuka. Nilikuwa nimepiga magoti mbele ya wachezaji wa bugobogobo, ngoma ya majembe, majembe yanarushwa juu, mara nikaona picha kwenye skrini zimefifia. Kutazama lenzi, imegeuka kahawia. Nikavuta upindo wa khanga niliyojifunga kiunoni, nikasugua kama anayefuta sahani, nikaendelea na kazi.

Siku ya tatu nikampelekea kamera mzee aliyenifundisha kazi, ambaye enzi za filamu alikuwa na studio jirani na Makoroboi, mjini Mwanza. Aliitazama kwa tochi, akanyamaza, akanirudishia.

"Binti yangu, hapa umepiga msasa."

Nikabisha. Khanga ni pamba, mzee, tena ya zamani, imeshalainika, mtoto wangu nilimbebea hiyohiyo. Akasema khanga haina kosa, kosa ni kile kilichokuwa kati ya khanga na kioo. Kisha akanionyesha kwa kidevu yale mawe ya mlimani, yaliyobebana juu ya nyumba za watu, na kuniuliza: "Unadhani vumbi letu linatoka wapi?"

Miaka yote niliyoishi hapa sikuwahi kujiuliza. Mawe ya Mwanza ni matale, yaani graniti, na ndani ya matale kuna kwazi, zile chembe zinazometameta jua likizipiga. Kwenye kipimo cha ugumu wa madini, kinachoanzia 1 hadi 10, kwazi ni 7. Kioo cha kawaida kiko kwenye 5 na nusu hivi. Mvua na jua vinalimega jiwe, linakuwa mchanga, bodaboda na ng'ombe wanausaga mchanga, na mwisho wake unakaa juu ya lenzi yako. Ukiufuta ukiwa mkavu, umelikwaruza jiwe dogo juu ya kitu laini kuliko lenyewe. Na kabla ya kioo kuna utando, ule unaoonyesha rangi ya zambarau au kijani ukiinamisha lenzi. Umewekwa ili mwanga uingie badala ya kurudishwa, na ni mwembamba mamia ya mara kuliko unywele. Huo ndio unaoumia wa kwanza.

Tangu siku hiyo, lenzi yangu haiguswi na kitambaa kabla haijapulizwa. Kamera naigeuza uso chini, napuliza kwa pampu ya mpira, vumbi linaanguka lenyewe. Pampu za kazi hiyo zinauzwa kwenye maduka ya kamera, ila yangu ya kwanza niliinunua duka la dawa: ile ya mpira ya kunyonya kamasi za watoto. Muuzaji akanipa na pole ya mtoto kuumwa mafua. Ukichukua hiyo, chukua mpya, uibinye mara nyingi pembeni kwanza, maana nyingine zina unga ndani. Vumbi lililong'ang'ania naliondoa kwa brashi laini ambayo haifanyi kazi nyingine yoyote, na ncha zake sizishiki kwa vidole. Ukizishika zinabeba mafuta yako na kuyapaka kwenye kioo.

Kwa mdomo sipulizi. Unaanza na vumbi, unamaliza na mate. Na kuna kijana mmoja wa kazi hii hii alinieleza kwa fahari kwamba yeye husafisha kamera zake kwa kompresa ya fundi tairi, kule Igoma. Nilitamani kuketi chini. Kompresa ile inatoa upepo wenye maji na mafuta ya mashine, na nguvu yake inaweza kulisukuma vumbi likaingia ndani ya lenzi kabisa, mahali ambapo pampu wala brashi havitafika.

Alama za vidole ni kesi tofauti, hazipulizwi zikatoka. Mtoto wa kaka yangu ndiye msaidizi wangu siku za harusi, na kwa muda mrefu alikuwa akishika lenzi kama anayeshika kikombe cha chai. Mafuta ya kidole yanatawanya mwanga: picha inapoteza weusi wake, na ukielekea jua unapata ukungu wa maziwa. Tena yakiachwa miezi yanaweza kuula utando. Baada ya kupuliza, natumia kitambaa cha maikrofaiba kilicho safi, naanzia katikati nikizunguka polepole kuelekea ukingoni, bila kukandamiza. Alama ikikataa, natia tone moja au mawili la dawa ya lenzi kwenye kitambaa. Kwenye kitambaa, nasisitiza! Ukidondoshea kiooni, maji yanatambaa hadi ukingoni na kuzama ndani.

Dawa ikiisha naenda kwa mafundi simu. Wanayo isopropili, alkoholi wanayosafishia saketi za simu, ile safi isiyoacha kitu ikikauka. Spiriti ya vidonda naiacha vidondani, maana nyingine imetiwa rangi au mafuta, na utabaki na michirizi mibaya kuliko alama uliyoanza nayo. Angalia pia fundi asikupe thina. Chupa zao zinafanana, na thina inayeyusha plastiki. Dawa ya kusafishia vioo vya dirisha nayo sitaki kuisikia, nyingi zina amonia. Na serviti za ukumbini, zile bwana harusi anazojifutia jasho, ni karatasi ya miti: zinakwaruza na kuacha vinyweleo.

Kitambaa chenyewe nakifua kwa sabuni kidogo, bila ile dawa ya kulainisha nguo inayonukia, kwa kuwa inaacha mafuta. Nakianika ndani. Ukianika nje kiangazi umekirudisha Bujora.

Ziwa nalo lina visa vyake. Maharusi wa Mwanza wanataka picha ya machweo, Capri Point au pale linapoonekana Jiwe la Bismarck, na saa hiyo hiyo ndiyo wale wadudu wadogo wa ziwani huweza kutokea. Mgeni akiwaona kwa mbali hudhani ni moshi juu ya maji. Wanafuata mwanga, na mimi ndiye mwenye taa. Jioni moja walitufunika, mmoja akatua katikati ya lenzi, na msaidizi wangu, kwa roho safi kabisa, akambonyeza kwa kidole gumba. Bibi harusi alicheka, mimi nilishindwa. Mdudu akiwa mzima au mkavu, puliza, ataondoka. Akishapondwa usimsugue. Nililowesha karatasi ya lenzi kwa dawa, nikailaza juu yake, nikasubiri alainike, kisha nikamwinua pamoja na karatasi. Karatasi hiyo ikatupwa, nikamalizia kwa nyingine. Picha za mwisho tulizipiga gizani kwa flashi, na nyota kadhaa mle si nyota.

Mwaloni Kirumba, kwenye soko la samaki, ni adha nyingine. Ukipita kwenye magunia ya dagaa wanapopakuliwa, unga wao unapaa, una magamba na mafuta, ukichanganyika na mikono iliyoshika samaki unapata utelezi ambao kitambaa kikavu kinausambaza tu. Kule navisha lenzi filta ya kioo. Watu wanabishana kama filta inapunguza ubora wa picha. Ikiwa ya bei rahisi inapunguza, taa zikikuelekea unaona mizimu yake, taa za uongo pichani. Lakini mwaloni naivaa, harusini naivua. Kuvunja filta ni maumivu ya siku moja.

Mzee alinifundisha pia kuacha. Chembe mbili tatu kwenye kioo cha mbele hazionekani pichani, ziko karibu mno na lenzi kupata umbo. Nimeona watu wanasugua lenzi kila baada ya nusu saa kwa ajili ya chembe ambayo isingeonekana kamwe. Kioo cha nyuma ndicho cha kuogopa, kidole kikigusa pale picha inalalamika mapema. Na ukiona madoa meusi yaleyale, mahali palepale, kwa lenzi yoyote utakayovaa, usiilaumu lenzi: vumbi liko kwenye sensa, kile kibamba ndani ya kamera kinachopokea picha. Jaribu kwa kupiga anga tupu kwenye f/16, yaani tundu la lenzi likiwa dogo. Madoa yakijipanga, mimi napeleka kwa fundi, mkono wangu haujatulia kiasi hicho. Kinga yake ni kuzima kamera, kuupa upepo mgongo, mdomo wake ukitazama chini, ndipo unabadili lenzi. Mchana upepo hapa hutoka ziwani, kwa hiyo mimi hulipa ziwa kisogo.

Kuvu nitaigusa tu, maana inanikera. Unyevu wa pembezoni mwa ziwa ukikutana na begi la ngozi lililofungwa miezi, inaota kati ya vioo kama mizizi, na kitambaa hakiifikii. Lenzi ya mzee ilikufa hivyo kabatini. Zangu zinalala kwenye kontena la plastiki lenye mfuniko wa kubana, pamoja na vile vifuko vya chembe za silika za kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Kaka zangu wote wanajua vifuko hivyo ni vyangu.

Juni iliyopita tulirudi Bujora. Lenzi ya 50 nilikwenda nayo, bado inapiga vizuri, mkwaruzo unaonekana tu nikilielekea jua. Ngoma hazijaanza, mtoto wa kaka yangu ananitazama kiunoni, ananyoosha mkono.

"Shangazi, hiyo khanga tuiache kwenye gari."