Konzi ya Unga

Wapendwa katika Bwana, somo la juma hili ni 1 Wafalme 17:8-24, nami nawasihi mlisome lote, kwa maana wengi wetu tumezoea kukomea aya ya 16, pale unga usipopunguka, kisha tukaifunga Biblia tukiwa tumeridhika.

Upepo wa kusi ungali unavuma hapa Malindi, na mashua ndogo hazithubutu kuvuka mwamba. Mama karanga, yule mkaanga samaki wa kuuza, anayengoja samaki ufuoni huambulia wachache, tena kwa bei ghali. Jumapili iliyopita niliketi nyuma ya mmoja wao. Wakati wa matoleo alilifungua fundo la leso kwa meno, kwa jinsi lilivyokazwa, akatoa noti moja iliyokunjwa mara nne pamoja na sarafu chache, akazitazama kitambo, kisha noti akaitia kikapuni na sarafu akazifunga tena.

Mjane wa Sarepta aliishi katika nchi ya Sidoni, kwao Yezebeli, mkewe mfalme Ahabu wa Israeli, ambako Baali ndiye aliyesifiwa kuwa mleta mvua, na mvua yenyewe ilikuwa haionekani. Huko ndiko Mungu alikomtuma nabii Eliya baada ya kijito cha Kerithi, alichokuwa akinywa maji yake, kukauka. Hakumtuma kwa tajiri, bali kwa mwanamke aliyekuwa akiokota kuni mbili apike chakula cha mwisho, yeye na mwanawe. "Sina mkate, ila konzi ya unga katika pipa," alisema. Naye nabii akamwambia amfanyie yeye kwanza mkate mdogo.

Nakiri kwamba neno hilo "kwanza" hunikwaza kila nilisomapo. Mhubiri akimwambia hivyo mjane leo, ni haki yetu kumtilia shaka, kwani Bwana Yesu mwenyewe aliwashutumu wale wanaokula nyumba za wajane (Marko 12:40), muda mfupi tu kabla ya kumwona yule mjane aliyetoa sadaka ya senti mbili. Lakini Eliya hakuuchukua mkate akaenda zake. Alitanguliza neno "Usiogope" pamoja na ahadi ya Mungu, kisha akakaa katika nyumba ile ile, akila unga ule ule, na kama pipa lingekauka angelala njaa pamoja nao.

Tusomapo "pipa" tusidhani ni lile kubwa la kuhifadhia maji ya mvua. Neno la Kiebrania ni kad, mtungi kama ule aliouchukua Rebeka begani alipokwenda kisimani (Mwanzo 24:15). Maandiko hayasemi kwamba mtungi ulijaa, yanasema haukupunguka. Kwa hiyo nawaza kwamba kila alfajiri mama yule aliingiza mkono hadi chini kabisa, asiione akiba yoyote, akakuta cha siku hiyo tu, kama Waisraeli na mana jangwani, ambayo ikilazwa iliingia mabuu. Alitoa kwa imani siku ya kwanza, na kesho yake ikambidi aamini upya.

Kisha mwanawe akaugua, akafa. Nyumba iliyomlisha nabii ikaingia msiba, na mama akauliza kwa uchungu kama mtu wa Mungu amekuja kumkumbusha dhambi yake. Basi anayewaahidi kwamba mtoaji hapatwi na jambo hajaifikia aya ya 17. Eliya hakumjibu kwa hoja. Alimpokea mtoto kifuani pa mamaye, akapanda naye hadi chumba cha juu alimokuwa akikaa, akamlaza juu ya kitanda chake, akamlilia Mungu hata roho ya mtoto ikamrudia. Chumba kile ndicho mjane alichokuwa amempa mgeni.

Mwanamke huyu hakuwa Mwisraeli, na Yesu alipolikumbusha hilo Nazareti watu walighadhibika (Luka 4:25-29). Sisi ambao sahani za futari hutufikia mlangoni kila Ramadhani kutoka kwa majirani zetu Waislamu hatuna sababu ya kuuliza dini ya mwenye njaa.

Kikapu cha unga kitakuwa mlangoni mwa kanisa hadi bahari itulie. Mwenye kibaba alete kibaba, mwenye konzi alete konzi, na asiye na kitu aje achote, hataulizwa jina.