Alama za LSAT zikigota, punguza mitihani ya majaribio

Wahitimu wa sheria wa Iringa na Mbeya wanaojiandaa kwa LSAT, mtihani wa kuombea nafasi ya shahada ya sheria ya JD Marekani au Kanada, hufika hapa mara nyingi: alama zinapanda wiki za mwanzo, kisha zinagota, tuseme 152. Wengi huongeza mitihani ya majaribio. Miezi inapotelea hapo, kwa sababu mtihani unapima tu, haufundishi. Na kwenye kipimo cha 120 hadi 180, kupanda au kushuka alama 2 au 3 ni kawaida, kusikutishe wala kusikupe matumaini.

Fanya sehemu moja ya hoja kwa dakika 35 kamili. Kila swali unalojibu kwa wasiwasi, liwekee alama. Muda ukiisha usifungue majibu kwanza: rudia maswali hayo bila saa, andika jibu la pili pembeni, ndipo usahihishe. Matokeo ya pili yakizidi ya kwanza kwa mbali, unaelewa ila muda unakushinda. Yakikaribiana, tatizo ni uelewa, na kukimbiza saa hakutakufaa.

Kisha daftari la makosa. "Sikusoma vizuri" haikufundishi chochote. Andika neno lililokuvuta kwenye jibu potofu na aina ya kosa. Linalowaangusha wengi ni kugeuza sharti: kila lori linaloshuka Kitonga hupunguza mwendo, lori hili limepunguza mwendo, basi linashuka Kitonga. Hapana, huenda limefika kwenye tuta. Lingine ni kukimbilia sababu: wakulima wa viazi wa Uyole walibadili mbegu, mavuno yakaongezeka, kwa hiyo ni mbegu. Je, mvua ya mwaka huo? Swali likitaka dhana ambayo hoja haiwezi kusimama bila hiyo, kanusha kila jibu. Ambalo likikanushwa hoja inaporomoka, ndilo.

Kama tatizo ni muda, lenga maswali 10 ya mwanzo kwa dakika 12 hivi, ruka linalokung'ang'ania, urudi baadaye. Usiache pengo, maana jibu lisilo sahihi halikatwi alama.

Sehemu ya ufahamu ina habari 4, moja ikiwa jozi ya matini mbili fupi. Kila moja ina dakika 8 na ushee. Kutafsiri kichwani neno kwa neno kunakula muda huo wote. Kila aya ikiisha, jiambie kwa Kiswahili: nani anadai nini, na mwandishi yuko upande gani?

Vitabu vya zamani bado vina michezo ya mantiki, yaani sehemu ya mafumbo ya kupanga vitu kwa masharti. Iliondolewa Agosti 2024, iruke.

Mtihani mzima mmoja kwa wiki unatosha kabisa. Baada ya wiki 2, rudia maswali uliyokosa. Hata ukikumbuka jibu, usilifute swali daftarini mpaka uweze kueleza kwa nini majibu mengine manne hayafai.