Siku moja maishani mwangu: kupiga hodi kwenye seva za watu

Saa 11:20 alfajiri

Simu iliita wakati muadhini wa msikiti wa jirani anaanza. Hakuwa mtu. Ilikuwa programu yangu mwenyewe, ikilalamika kwamba kazi ya usiku, ambayo huchukua dakika arobaini, imefikisha saa moja na dakika ishirini na haijamaliza wala haijafeli. Kwenye logi imeandikwa 02:20, kwa sababu seva zetu zinafuata UTC, saa ya kimataifa. Ongeza tatu, unapata 05:20 ya ukutani ofisini. Hesabu Kiswahili, unapata saa kumi na moja na dakika ishirini. Saa tatu tofauti kwa jambo moja, na mimi hata maji sijanywa.

Nikaizima kwa simu, nikarudi kulala. Sikulala.

Saa 2:30 asubuhi

Ofisi yetu iko Sinza, ghorofa ya pili, juu ya duka la vipuri. Nilimwamkia mzee wa getini, nikapanda na chapati zangu mbili kwenye gazeti.

Watu wakiniuliza nafanya nini huwa nasema "mambo ya seva," yanaishia hapo. Ukweli ni kwamba naandika programu zinazoongea SSH, yaani njia ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali kwa mawasiliano yaliyofichwa. Kuna ya upande wa mteja, yaani inayopiga hodi, kwa lugha ya Python na maktaba ya Paramiko: kila usiku inaingia kwenye seva za matawi ya mteja wetu, moja baada ya nyingine, inachukua nakala ya mipangilio na ripoti fulani, inatoka. Na kuna ya upande wa seva, kwa lugha ya Go: imekaa inasubiri washirika waje kutuachia mafaili.

Ukiingia kwenye seva kwa mkono, macho yako yanafanya nusu ya kazi. Ukiona imekwama unabonyeza Ctrl-C, unatukana kidogo, unaanza upya. Programu haina macho. Itasubiri mpaka kiyama kama hukuiambia isubiri hadi lini, na mimi, kwa aibu, sikuwa nimeiambia.

Saa 3:10

Ilikuwa imekwama kwenye seva ya tawi la Songea. Mtandao mzima, seva nzima, nenosiri wala ufunguo havikuwa na shida. Amri ilipokelewa, ikaanza kazi, halafu kimya. Nilipoiendesha kwa mkono ilimaliza kwa sekunde nne. Hapo ndipo mtu anaanza kumshuku jini.

Kumbe jini nilimwandika mwenyewe, mistari mitatu:

```
stdin, stdout, stderr = c.exec_command(amri)
hali = stdout.channel.recv_exit_status()
ripoti = stdout.read()
```

Yaani: tuma amri, subiri imalize, kisha soma ilichosema. Inasomeka kama akili timamu kabisa. Shida ni kwamba kila chaneli ya SSH ina kitu kinaitwa dirisha, yaani idadi ya baiti ambazo upande wa pili unaruhusiwa kutuma kabla hujamruhusu tena. Paramiko kwa kawaida hufungua dirisha la baiti 2,097,152, ambazo ni megabaiti 2. Ukisoma, dirisha linapanuliwa. Usiposoma, mtumaji anasimama.

Ripoti ya Songea imekuwa ikinenepa kwa miezi, na usiku wa kuamkia leo ikavuka megabaiti 2. Seva ikatuma mpaka dirisha likajaa, ikasimama kunisubiri nisome. Mimi nami nilikuwa nasubiri imalize ndipo nisome. Umewahi kuona wageni wawili wastaarabu mlangoni? "Tangulia." "Hapana, tangulia wewe." Hawa walisimama mlangoni kuanzia saa kumi alfajiri.

Dawa ni kubadilishana mistari miwili ya mwisho: soma kwanza, kisha uliza hali. Ila stderr, njia ya ujumbe wa makosa, nayo inakula dirisha lile lile, kwa hiyo amri nikaimalizia kwa `2>&1` ili kila kitu kipite njia moja, na nikaweka ukomo wa muda. Onyo hili lipo kwenye nyaraka za Paramiko. Nililisoma siku nyingi zilizopita, nikatikisa kichwa kwa kukubali, nikaendelea na maisha.

Saa 5 kasorobo

Kijana wetu wa field aliniletea kazi yake niipitie. Ni mwepesi wa kushika, na kodi yake, yaani maandishi ya programu, ilikuwa safi kuliko yangu ya asubuhi, ila kulikuwa na mstari mmoja:

```
c.set_missing_host_key_policy(paramiko.AutoAddPolicy())
```

"Huu umeutoa wapi?"

"Dada, bila huo inakataa kuunganisha. Nimeona kila mtu anauweka."

Ni kweli, kila mtu anauweka. Paramiko ikikutana na seva isiyoijua, kawaida yake ni kukataa. Jina lenyewe limeungwa kutoka Kiesperanto, maana yake ni rafiki mwenye wasiwasi, na mstari ule unamwambia rafiki huyo aache wasiwasi wake.

Nikamuuliza: mtu akipiga hodi kwenu usiku, ukauliza "nani?", akajibu "mimi," utafungua? Akacheka. Sasa hapa mpigaji hodi ni sisi, na anayejibu ndani ndiye hatumjui. Wakati wa salamu za mwanzo seva inasaini kwa ufunguo wake wa siri, na sisi tunakagua saini hiyo kwa ufunguo wa umma tuliokwisha kuuweka kwenye known_hosts, faili la seva tunazozijua. Ukikubali ufunguo wowote unaoletwa, mawasiliano yatafichwa vizuri sana, ila huenda yamefichwa kati yako na mwizi.

Akajitetea vizuri: "Lakini inakubali mara ya kwanza tu. Ufunguo ukibadilika itakataa." Hoja nzuri, na kwenye laptopu yake ni kweli. Ila programu yake inaendeshwa ndani ya kontena, kama kompyuta ndogo ya muda, linalozaliwa upya kila usiku bila faili la known_hosts. Kila siku kwake ni mara ya kwanza.

Nikampa na historia kidogo, maana vijana wanadhani SSH ilishuka tu. Mwaka 1995, huko Finland, Tatu Ylönen aliiandika baada ya mtu kutega programu ya kunasa manenosiri kwenye mtandao wa chuo chao. Akaomba poti, yaani mlango wa mtandao, namba 22 kwa sababu ilikuwa wazi katikati ya FTP, namba 21, na Telnet, namba 23, njia mbili za zamani zisizoficha kitu alizotaka kuzizika. Jamaa alihangaika hivyo, halafu wewe unazima ukaguzi kwa mstari mmoja.

Aliufuta. Swali likabaki mezani: alama za funguo za seva zote, za kulinganishia, tutazipata wapi?

Saa 7 mchana

Wali maharage na mchicha kwa mama ntilie wa nyuma. Pilipili ilikuwa kali kuliko kawaida.

Saa 8:15

Mchana niliupa upande wa seva, ambao kwangu ndio wenye kutisha. Ukiandika mteja vibaya unakwama. Ukiandika seva vibaya unakaribisha watu, tena bila kujua.

Mfano ninaoupenda ni wa libssh, maktaba nyingine ya SSH, Oktoba 2018. Seva iliyojengwa kwa maktaba ile ilikuwa na kasoro hii: mteja akituma mwenyewe ujumbe wa "umefaulu kuingia," ambao kihaki ni wa seva kumpa mteja, seva inamwamini na kumwingiza. Mtu anapiga hodi, anajiitikia karibu, anaingia.

Yetu ilikuwa na ugonjwa wa ukoo huo. Kwenye Go unaandika fanksheni, yaani kipande cha kodi, inayoitwa PublicKeyCallback. Mteja akileta ufunguo wa umma, inaulizwa kama unajulikana. Mwenzangu aliyeiandika zamani (sawa, ni mimi) aliweka humo ndani mstari wa kukumbuka: huyu ni mshirika fulani, mpeleke kwenye folda lake.

Tatizo ni kwamba RFC 4252, hati ya kanuni za SSH ya Januari 2006, inamruhusu mteja kuuliza kabla ya kusaini chochote: nikija na ufunguo huu, ungenikubali? Kwa hiyo fanksheni kuitwa si ushahidi kwamba aliyeko mlangoni ana ufunguo wa siri. Anaweza kuuliza kuhusu wake, kisha kuuliza kuhusu wa jirani, halafu akasaini kwa wake. Kodi yangu ingekumbuka ulioulizwa mwisho, ikampeleka kwenye folda la jirani. Na ufunguo wa umma wa jirani si siri: GitHub, tovuti ya kuhifadhi kodi, inauonyesha kwa yeyote, andika tu jina la mtumiaji na `.keys` mwishoni mwa anwani.

Desemba 2024 kosa hili lilipewa namba kwenye orodha ya kimataifa ya kasoro za usalama, CVE-2024-45337, kwa sababu hatukuwa peke yetu. Toleo jipya la maktaba limepunguza hatari, lakini mimi sikutaka kuegemea hapo. Sasa utambulisho unawekwa kwenye Permissions, yaani ruhusa, ambazo fanksheni inazirudisha, na baada ya salamu kwisha kodi inasoma hizo tu. Kabla ya hapo haikumbuki mtu yeyote. Jaribio nililoandika ni la mteja mwenye funguo mbili, mmoja wa kuazima. Kwenye kodi ya zamani lilipita mpaka kwa jirani. Nilinyamaza kidogo.

Saa 10 jioni

Niliendesha upya kazi ya usiku. Songea ikapita kwa sekunde tano. Foleni ikasonga, ikafika Sumbawanga, ikakataa: BadHostKeyException. Ufunguo wa seva si ule tunaoujua.

Kijana akanitazama kama kunguru aliyeona ubwabwa. Nikachukua simu. Msimamizi wa tawi ni mtu mzima, tumefahamiana miaka mingi, sauti yake naijua.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Hatujambo huku, baridi tu."

Baada ya baridi, mahindi na watoto, nikauliza kuhusu mashine. Kumbe jana jioni diski ilikufa, fundi akafunga mpya na kuweka mfumo upya. Funguo zikazaliwa upya. Maelezo yanaingia akilini, lakini maelezo mazuri hata mwizi anayo. Nikamwomba akae mbele ya seva yenyewe, aandike:

```
ssh-keygen -lf /etc/ssh/ssh_host_ed25519_key.pub
```

na anisomee kinachofuata baada ya neno SHA256. Ni alama ya ufunguo, kama alama ya kidole, yenye herufi 43. Tulizisoma hivi: "M kubwa, ya Mwanza. Tatu. k ndogo, ya Kigoma. Alama ya kujumlisha. T kubwa, ya Tabora." Kwenye ya kumi na tisa tukagombana: yeye aliona moja, mimi kwangu ni l ndogo. Akavaa miwani. Ilikuwa l, ya Lindi. Kijana alikuwa anafuata na kalamu kwenye skrini yangu, na ya mwisho ilipolingana akapiga meza.

Nikabadilisha ule mstari mmoja wa known_hosts, nikaendesha. Sumbawanga ikapita.

Saa 12 kasoro

Kijana ametengeneza jedwali: jina la tawi, namba ya simu, alama tuliyosomewa, nani kasoma, nani kahakiki. Mstari mmoja umejaa. Tumekubaliana kesho saa tatu anaanza na Tunduma, na nimemwambia asisahau kuamkia kabla ya kuuliza herufi.