Vidole vya ganzi, kwapa la moto: nilivyorudi kwenye cherehani

Nilijua sindano imenidunga nilipoona damu kwenye shati la mteja. Shati jeupe la shule, kola haijakunjwa bado, na tone jekundu linatanuka polepole kwenye kitambaa. Kidole hakikuwa kimeniambia lolote. Mimi nimeshona soko la Kibuye, hapa Kisumu, miaka kumi na tisa, na majigambo yangu makubwa yalikuwa kutunga uzi gizani stima zikipotea. Sasa nilikuwa kama mtu aliyevaa glavu za kufulia kutwa nzima.

Mwaka 2021 niliondolewa titi la kushoto pamoja na tezi za kwapani, kwa sababu ya saratani. Mwaka uliofuata nikamaliza kemo, zile dawa kali za kuua saratani. Hayo sitayasimulia, walioyasimulia ni wengi. Langu ni la baadaye, pale kina mama wa kanisa wameshapiga vigelegele, wamekula kuku na kwenda zao, nawe umebaki na mwili ambao haujapata habari kwamba umepona.

Kwangu yalikuwa mawili. Vidole na nyayo zilikufa ganzi mchana, na usiku nyayo ziliwaka kana kwamba nimekanyaga makaa. La pili ni kwapa. Kuanzia kwenye kovu hadi nyuma ya mkono, karibu na kiwiko, kuna kitu kilichokuwa kikinipiga kama shoti ya umeme, hata shuka likinigusa tu. Nilifika mahali pa kuvaa blauzi nje-ndani ili mishono isinikwaruze. Fundi mzima, blauzi nje-ndani, na wateja wananiangalia wakinyamaza kwa heshima.

Nilipolalamika mara ya kwanza hospitalini nilijibiwa, "Mama, shukuru uko hai." Nikashukuru. Nikarudi nyumbani, nikashukuru tena saa nane za usiku nikiwa nimebandika nyayo kwenye sakafu ya saruji zipoe. Ambalo sikumwambia mtu ni kwamba kila shoti iliponipiga nilihesabu watoto wangu na miaka yao, maana niliamini ugonjwa umerudi.

Kisha wakaja washauri. Kila mtu Kisumu ni daktari, mwulize mtu wa boda boda umbali wa kwenda Kondele na utapewa dawa ya mgongo njiani. Nilinywa mwarobaini. Nilipakwa mafuta ya chatu, au walichosema ni chatu. Nilimaliza vidonge vya maumivu, diklofenaki, vya mtaa mzima mpaka tumbo likaanza kuniwaka nalo, halafu kwapa likabaki vilevile. Lakini aliyenimaliza ni jirani yangu muuza omena, ambaye nampenda mpaka leo. Alisema dawa ya miguu inayowaka ni maji ya chumvi, "na yawe moto wa kweli, dada, sio hayo ya kuogeshea mtoto."

Nikachemsha sufuria nzima, nikamimina kwenye beseni, nikatia chumvi viganja viwili, nikaingiza miguu. Raha! Yaani sikusikia chochote. Nikajiambia haya maji hayajachemka sawasawa, nikaongeza mengine. Nilikaa pale nikisikiliza redio kama malkia, nikipanga hata jinsi nitakavyokwenda kumshukuru jirani, mpaka binti yangu akaingia kutoka shule, akasimama mlangoni na begi mgongoni. "Mama, mbona hayo maji yanatoa mvuke?" Nilipotoa miguu ilikuwa rangi ya nyanya, na kufikia saa ya chakula malengelenge yalikuwa yamesimama kama maandazi. Wiki tano za kusafisha vidonda na kufungwa bandeji. Nauli ya tuk-tuk peke yake ingeninunulia mtumba mzuri wa Krismasi. Sasa hivi maji yangu napima kwa kiwiko cha kulia, ambacho bado kina akili, na huwa siendi peku hata uani.

Ajabu ni kwamba zile bandeji ndizo zilizoniokoa. Muuguzi aliyekuwa akinifunga aliniuliza ilikuwaje sikusikia moto, nikamweleza yote, naye akaniandikia karatasi niende kliniki ya tiba shufaa, yaani ya kutuliza maumivu ya wagonjwa wa magonjwa mazito. Shangazi yangu aliposikia neno hilo aliniuliza kama nimeshaandika wosia. Nami pia nilidhani ni chumba cha watu wa kuaga. Nilikuta watu wamekaa kwenye benchi wanabishana kuhusu Gor Mahia. Wengi walikuwa bado kwenye matibabu, wengine kama mimi walishamaliza.

Daktari wa pale alikuwa mtu wa kwanza kuniuliza maumivu yakoje badala ya yako wapi. Yanachoma? Yanapiga shoti? Yanawasha? Nguo ikikugusa je? Nilipojibu akasema hayo ni maumivu ya mishipa ya fahamu, na ndiyo maana diklofenaki haikuyashtua, kwa kuwa kazi yake ni kutuliza uvimbe. Alinieleza kwamba wanapotoa tezi za kwapani kuna mshipa wa fahamu unaopita hapohapo kwenda kwenye ngozi ya nyuma ya mkono, na mara nyingi huvutwa au hukatwa. Vidole na nyayo nazo ni kazi ya ile dawa ya kemo, paklitakseli: hujeruhi mishipa, na iliyo mirefu kuliko yote, inayofika ncha za vidole vya miguu na mikono, ndiyo huumia kwanza. Nilimwuliza kwa nini kwapa linapiga kelele na kidonda kimefunga miaka miwili. Akacheka. "Mama, mbwa aliyewahi kuibiwa kuku huwa anabwekea hata jani la mgomba."

Nililia pale. Si kwa huzuni, mnielewe, ilikuwa ni ule mzigo wa kuhesabu watoto usiku.

Hakunificha upande wa pili. Alisema maumivu mapya nisiyapuuze: ya mgongo au mfupa yanayodumu wiki mbili bila kupungua, yanayozidi usiku nikilala, na hasa miguu ikilegea au haja ikigoma, hapo nisisubiri tarehe ya kliniki.

Aliniandikia amitriptilini, nusu ya kidonge cha miligramu 25 usiku. Kwanza aliuliza kama nameza tamoksifeni, ile dawa ya kuzuia saratani ya titi isirudi, kwa sababu kuna dawa za jamii hiyo ya mishipa zinazopunguza nguvu ya tamoksifeni, kwa hiyo usiazime ya jirani hata kama maumivu yenu ni mapacha. Duka la dawa kijana akaisoma karatasi, akaniangalia, akasema kwa sauti foleni nzima isikie, "Hii si ni ya watu wa akili?" Nilitaka ardhi inimeze. Niliinunua, lakini ikakaa kabatini siku nane kwa aibu. Ni kweli hutibu huzuni kwa dozi kubwa, ila kwa dozi ndogo hutuliza mishipa. Bei yake haikufika hata ya kilo ya sukari. Siku kumi za kwanza sikuona kitu zaidi ya kinywa kukauka na kuamka kama nimelewa busaa. Nikahamisha kumeza kutoka saa nne kwenda saa mbili, ule ulevi wa asubuhi ukaisha. Wiki ya tatu nikalala hadi jogoo.

Sasa niwape ninalojivunia. Mtaalamu wa mazoezi alisema ngozi ya kwapa lazima ifundishwe upya kwamba kuguswa si kupigwa: uanze kwa kitu laini, dakika chache, mara tatu nne kwa siku, kisha upande ngazi. Akataja pamba, halafu taulo. Nikamwambia, daktari, hapo umenikuta nyumbani. Nina magunia mawili ya vipande vya vitambaa! Nikapanga ngazi yangu mwenyewe: satini, poplini, leso ya zamani, kitenge, kaki ya sare, sufu ya sweta, na mwisho kabisa jinzi. Satini ilinichukua siku nne kuizoea. Leso nilidhani ingekuwa rahisi, kumbe upindo wake ulinitoa machozi. Kitenge kipya chenye wanga wa kiwandani kilinishinda kabisa. Nikakifua mara mbili, nikarudi nacho kama mtu anayedai deni. Wateja wakiuliza mbona najisugua kwapa kwa vipande nasema napima ubora wa kitambaa. Baada ya miezi miwili hivi nilifika kwenye jinzi, na siku hiyo blauzi nikaivaa upande wa Mungu.

Mkono nao haukuwa unapita bega, kwa hiyo nilisimama mbele ya ukuta nikapandisha vidole kama buibui na kupiga mstari kwa chaki ya fundi pale vilipokwama. Mstari wa kwanza uko sawa na swichi ya taa. Wa sasa unapita msumari wa kalenda. Tepu yangu pia ina kazi mpya: kila mwanzo wa mwezi napima mikono yote miwili, sentimita kumi juu na chini ya kiwiko. Tofauti ikifika sentimita mbili nirudi kliniki, maana bila zile tezi mkono unaweza kujaa maji.

Kosa nililochelewa kuliacha ni la Jumamosi. Jumapili ndiyo soko kubwa Kibuye, basi Jumamosi nilikuwa nashona bila kuinuka, na Jumatatu na Jumanne nalipa kitandani. Nilijaribu kufunga mota kwenye cherehani ili nimalize haraka, elfu saba hivi na ushee, lakini mguu usiohisi pedali ni dereva mlevi: mashine iliruka na kola ya mchungaji mpaka mwisho wa meza. Mota nimeiuza. Dawa yangu sasa ni redio. Ikipiga taarifa ya habari, popote nilipofika, naacha, nasimama, nanyoosha mkono, nasikiliza wanasiasa mpaka wamalize.

Kwenye daftari langu la vipimo vya wateja, ukurasa wa nyuma, huwa naandika namba ya maumivu kutoka 0 hadi 10 kila jioni. Wakati wa malengelenge ni 8 na 9 mstari mzima. Siku hizi ni 3, mvua ikinyesha 5. Ganzi ya vidole haijaisha, na sindano naitazama kwa macho badala ya kuihisi, nikiwa na kofia ya chuma kwenye kidole. Leo nina kanzu kumi na mbili za kwaya na mwenyewe anakuja kesho alfajiri. Nimebakiza mikono ya kanzu nne, na redio inasema ni saa kumi kamili, basi nasimama.