Kuchagua gitaa na kubadilisha nyuzi kabla ya onyesho

Mpiga gitaa wa bendi ana deni kwa wenzake hata kabla hajapanda jukwaani. Gitaa lake linapaswa kushika sauti kuanzia wimbo wa kwanza hadi wa mwisho, lisivume ovyo wakati mwimbaji ametulia, na lisiwalazimishe wengine kusubiri huku yeye akihangaika na funguo za kukazia nyuzi. Mengi ya hayo huamuliwa siku mbili tatu kabla ya onyesho, mezani, kwa koleo na kitambaa, na ndiyo sababu naipa kazi hiyo muda na utulivu ule ule ninaoupa mazoezi.

Naanza na orodha ya nyimbo. Kando ya kila wimbo naandika kama gitaa langu linabeba rithimu au solo, kama sauti inayotakiwa ni safi au ya kukwaruza, na kama nyuzi zitabaki katika mpangilio wa kawaida wa E, A, D, G, B na E au zitashushwa nusu toni ili kumrahisishia mwimbaji. Orodha ikishajazwa hivyo, swali la gitaa lipi lipande jukwaani hujijibu kwa sehemu kubwa. Bendi yenye kinanda, tarumbeta na magitaa mawili haina nafasi ya gitaa nene linalojaza kila kona; hapo Stratocaster au Telecaster, magitaa ya umeme yenye pikapu (vifaa vya sumaku na waya vilivyo chini ya nyuzi, vinavyonasa mtikisiko wake) za koili moja, hupenya kwa mlio wao mkali bila kuwafunika wengine. Bendi ya watu watatu, ambamo gitaa moja linabeba mzigo wote juu ya besi na ngoma, mara nyingi hufaidika zaidi na Les Paul au gitaa jingine lenye pikapu za koili mbili, kwa kuwa mlio wake ni mzito na hujaza ile nafasi ambayo ala nyingine zingeikalia.

Pikapu ya koili moja ina kasoro ambayo kila anayelichukua gitaa la aina hiyo ukumbini lazima aikumbuke: pamoja na mtikisiko wa nyuzi, hunasa pia mvumo wa umeme unaotoka kwenye transfoma na taa zilizo karibu. Katikati ya miaka ya 1950 Seth Lover wa kampuni ya Gibson alibuni pikapu yenye koili mbili zilizopangwa kinyume, ili mvumo unaonaswa na koili moja ufutwe na ule wa koili ya pili. Mwenye Stratocaster si kwamba hana la kufanya. Katika nyingi zilizotengenezwa miaka ya karibuni, pikapu ya kati imezungushiwa waya kinyume, kwa hiyo swichi ikiwekwa mahali panapounganisha pikapu hiyo na jirani yake, mvumo hupungua sana, na hata kugeuka kidogo pale unaposimama kunaweza kusaidia.

Gitaa lolote nalipima nikiwa nimesimama, mkanda ukiwa begani, na bendi nzima ikipiga kwa sauti ya onyesho. Lile linalopendeza likipigwa peke yake chumbani laweza kupotea kabisa ngoma zinapoanza, na uzito usiohisiwa ukiwa umeketi hugeuka adha baada ya saa nzima. Gitaa la akiba nalo halipaswi kuwa lile lililobaki tu nyumbani. Nalichagua kwa kufuata la kwanza: seti ile ile ya nyuzi, kimo cha nyuzi juu ya freti (vile vyuma vinavyokatiza shingo) kinachokaribiana, na nguvu ya pikapu isiyotofautiana sana, ili nikilazimika kulichukua, fundi mitambo asihitaji kurekebisha kila kitu upya.

Kuhusu unene wa nyuzi, wengi wetu huishi kati ya seti mbili: ile inayoanza na inchi 0.009 na kuishia 0.042, na ile inayoanza na 0.010 na kuishia 0.046. Hapa urefu wa uzi unaotikisika una usemi mkubwa. Kwenye Stratocaster ni milimita 648 hivi, ilhali kwenye Les Paul ni karibu milimita 628, na uzi uleule ukipandishwa hadi noti ileile huwa laini zaidi kwenye gitaa fupi. Ndiyo maana sioni ajabu mtu kutumia seti ya 0.009 kwenye la kwanza na ya 0.010 kwenye la pili, na bendi inayoshusha nusu toni ina sababu nzuri ya kupanda seti moja. Ninachokipinga ni kubadilisha unene katika wiki ya onyesho. Mkazo mpya huvuta shingo kwa nguvu tofauti, kimo cha nyuzi juu ya freti hubadilika, na vidole vilivyozoea kuvuta uzi kwa kiasi fulani vitafika juu au chini ya noti.

Nyuzi zenyewe nazifunga siku mbili kabla ya onyesho na kuzipitisha katika mazoezi angalau mara moja. Nyuzi zilizochakaa huonekana kwa jicho: zimefifia rangi, zina kutu chini ya kidole, na ukipitisha ukucha upande wa chini utahisi vijishimo vilivyochongwa na freti. Uzi wa namna hiyo hautikisiki kwa usawa, kwa hiyo tyuna, kifaa cha kupima sauti ya uzi, itakuambia uko sawa ukiwa wazi bila kubonyezwa, lakini kodi, yaani noti kadhaa zinazopigwa pamoja, ikipigwa juu ya shingo itasikika imepinda. Lakini nyuzi zilizofungwa saa moja kabla ya kupanda jukwaani zina tatizo la upande wa pili, kwa kuwa mizunguko yake kwenye funguo bado haijakaza na sauti itaendelea kushuka wimbo baada ya wimbo.

Sasa nieleze kazi yenyewe. Nalegeza uzi kabisa kabla ya kuukata, na kwenye gitaa lenye daraja linaloelea, yaani kishikio cha nyuzi mwilini mwa gitaa kinachoweza kusogea, nabadilisha mmoja mmoja, kwani kuzitoa zote kwa pamoja huziachia springi za nyuma zivute daraja hadi ndani, na kulirudisha mahali pake huchukua muda mrefu. Uzi mpya ukishapita kwenye daraja na kufika kwenye ufunguo wake, nauvuta ukakamae, kisha naurudisha nyuma kiasi cha sentimita tano, ambacho kwa nyuzi nyembamba hutoa mizunguko miwili au mitatu. Nyuzi nene huhitaji michache zaidi. Mizunguko lazima ishuke kwenda chini, kila mmoja chini ya uliotangulia bila kupandana, ili uzi uingie kwenye kizingiti cha shingo ukiwa na mteremko wa kutosha kuubana. Uzi uliosokotwa, yaani ule mnene uliozungushiwa waya, naukunja kwanza pembe kali baada ya ufunguo, ndipo naukata. Ukikatwa ukiwa umenyooka, msokoto wake waweza kulegea na uzi ukafa sauti kabla haujapigwa.

Nikiwa bado kwenye kizingiti hicho, kile kipande cha mfupa au plastiki chenye vijia sita, natega sikio. Ufunguo ukizungushwa taratibu na uzi ukatoa mlio mfupi wa kudunda huku sindano ya tyuna ikiruka ghafla, uzi umenasa kwenye kijia. Uzi wa tatu ukihesabu kutoka ule mwembamba, G, ndio msumbufu kuliko wote, hasa kwenye magitaa yenye funguo tatu kila upande, ambako unatoka kwenye kizingiti kwa kupinda. Ncha ya penseli ikisuguliwa ndani ya kijia huacha unga wa grafiti unaolainisha njia, na mara nyingi hiyo peke yake inatosha.

Baada ya hapo nainua kila uzi kwa vidole katikati ya urefu wake, nauvuta kwa upole mbali na freti, natyuni tena, na narudia hadi ukatae kushuka. Noti naifikia siku zote kutoka chini. Ikipita, nashusha zaidi ya inavyohitajika na kupanda upya, ili ulegevu usibaki kwenye ufunguo. Mwisho nalinganisha noti ya freti ya 12 na ile sauti nyembamba inayopatikana uzi ukiguswa tu juu ya freti hiyo bila kubonyezwa. Noti iliyobonyezwa ikiwa juu kuliko ile ya kugusa, kipande kinachobeba uzi kwenye daraja hurudishwa nyuma kwa bisibisi. Ikiwa chini, husogezwa mbele.

Nyuzi zikikatika mara kwa mara mahali palepale, lawama si ya nyuzi. Penye ukwaru kwenye daraja hulainishwa kwa msasa mwembamba sana, na nati ya jeki (tundu la kuchomekea waya wa amplifaya) inayozunguka hukazwa siku hiyohiyo, maana waya uliolegea ndani yake utakatika siku ya onyesho.

Na ikitokea uzi ukakatika katikati ya wimbo, aina ya daraja ndiyo inayoamua la kufanya. Kwenye daraja lisilosogea, nyuzi tano zilizobaki hukaa karibu na sauti yake, na mpigaji anayeijua shingo vizuri anaweza kuumaliza wimbo kwa kuhamishia noti kwenye uzi wa jirani. Kwenye daraja linaloelea, springi hulivuta nyuma mara moja, nyuzi zote zilizobaki hupanda, na hakuna kodi itakayopatana na besi. Hapo namwachia mpiga rithimu mistari michache, nazima sauti ya gitaa hilo, na kuchukua lile la akiba, ambalo nilikwisha kulityuni na kuliweka karibu na amplifaya kabla ya wimbo wa kwanza.